Chumba cha Yangchen

Kifusi kiliteremka barabarani mbele yetu.
Dereva akazima injini, akasema, "Leo basi."
Nikapanda ngazi za mawe kuelekea taa moja,
nikihesabu, hadi mia moja na kumi na nane,
pumzi zikakataa hesabu.

Mama Gyan Dasi alinipokea na tochi mdomoni,
mikono yote miwili imejaa kuni.
"Chumba kipo," alisema alipoitema. "Rupia mia tano.
Ndoo ya maji ya moto, ishirini.
Choo ni kile kule chini. Ng'ombe hana neno."

Chumba kilinukia tufaha na soksi.
Dari fupi: tulisalimiana kwa paji la uso.
Mfarishi mzito kama deni la ukoo,
ufa wa dirisha umezibwa kwa gazeti la mwaka juzi,
na nje giza, na ndani ya giza
kitu kikubwa kuliko giza, kimesimama.
Asubuhi nikakijua. Mlima,
karibu mno, hata nikaona haya kuvua shati.

Kwenye mwimo wa mlango, mistari ya penseli:
miaka mitano, sita, saba na nusu,
wa mwisho ukinifika begani.
Chini ya kitanda, raketi iliyokatika nyuzi
na daftari la hesabu: Yangchen Negi, Darasa la Nane.
Nikadhani binti yuko bwenini, huko mjini.
Nilitaka kudhani hivyo.

Usiku wa pili kiu iliniamsha.
Nikashuka jikoni kwa kunyata.
Jiko la bati lilikuwa bado jekundu tumboni,
na kando yake walilala kwa safu, mguu huu ubavuni mwa yule:
babu Sanam na kofia yake ya kijani,
baba, mama, mtoto wa kiume, paka,
na mwisho kabisa, penye mlango unaopitisha upepo,
msichana, macho wazi, kitabu kifuani.

Tulitazamana.
"Kalamu yangu nyekundu," alinong'ona,
"iko nyuma ya pazia, juu ya dirisha.
Niliogopa kubisha."

Nikapanda, nikashuka na kalamu.
Maji niliyasahau.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi sikungoja, nililiomba.
Nikapewa kikapu, na babu akanifunza tufaha:
"Usivute. Liinue, lizungushe kidogo.
Likiwa tayari, litakufuata lenyewe."
Langu la kwanza lilikuja na tawi lake.
Babu alilitazama tawi, akanitazama mimi,
akaliweka mfukoni, asiseme kitu.

Jioni nikamwambia Mama: nitalala jikoni,
chumba akirudie mwenyewe.
Alicheka hadi akaiweka chini sinia ya chapati.
"Ulale jikoni! Nikuandikie risiti ya nini, ya moshi?"
Kisha akaacha kucheka.
"Kile chumba ndicho ada yake. Unamhurumia?
Lala humo. Lala vizuri. Kesho lala tena."

Barabara ilifunguliwa alfajiri.
Akapiga hesabu kwenye kiganja chake:
usiku tatu, ndoo mbili.
"Jana ulioga maji baridi," alisema. "Nilikusikia ukipiga kelele."
Chenji alinirudishia yote,
na tufaha nne juu yake, zimefungwa kwa gazeti.

Kutoka dirisha la basi nililiona dirisha langu,
ambalo halikuwa langu, likifunguliwa,
na mikono myembamba ikianika mfarishi.
Chini yake, kwenye ngazi, watu wawili wenye mabegi
walikuwa wamefika kama hamsini, wakishika viuno.

Nilitaka kuwaombea,
nisijue niombe nini:
wakute chumba kipo,
au wakute kimejaa.